Tarangire ya Septemba, Tarangire ya Februari

Anayetaka kuijua Hifadhi ya Tarangire asiende mara moja.

Mara ya kwanza nilifika Septemba, kiangazi kimekaza. Nyasi zilikuwa na rangi ya simba, vumbi limetanda juu ya migunga, mibuyu haina hata jani. Mto Tarangire, ulioipa hifadhi jina, ulikuwa umebaki uzi mwembamba wa maji katikati ya mchanga. Hapo ndipo walipokusanyika wote: pundamilia na nyumbu bega kwa bega, swala pala pembeni, tembo familia baada ya familia. Palipokauka kabisa, tembo jike mmoja alichimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka maji yakajitokeza. Wanawe wakanywa. Walipoondoka, ngedere wakashuka kunywa katika kisima alichowaachia. Mbuyu wa jirani ulikuwa na makovu, kwani wakati wa ukame tembo huuchubua wapate kutafuna nyuzi zake zenye unyevu.

Nikarudi Februari, vuli imekwisha kunyesha. Nusura nipotee! Mibuyu imevaa kijani, nyasi zimefika magotini, korongo weupe waliotoka Ulaya wanatembea humo wakidonoa panzi. Tembo nilionana nao. Lakini yale makundi makubwa ya nyumbu, mbona hayapo?

“Wamekwenda Simanjiro kuzaa, ndugu yangu,” akanijibu muongoza watalii.

Simanjiro ni tambarare zilizo mashariki, nje ya hifadhi. Nyasi zake fupi zina fosforasi kwa wingi, madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Mvua ikianza, nyumbu na pundamilia huifuata lishe hiyo. Ikikatika, hurejea mtoni na watoto wao.

Hapo nikaelewa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1970 na ina kilomita za mraba zipatazo 2,850, lakini bado ni nusu ya nyumba. Nusu ya pili ipo huko Simanjiro, kwenye malisho ya Wamaasai, ambako ng’ombe na pundamilia hula uwanda mmoja. Kinachoziunganisha ni shoroba, njia za wanyama, na kila shamba au uzio unaokatiza humo ni mlango unaofungwa.

Nendeni Tarangire kiangazi, mrudi tena wakati wa mvua. Nasi tunaoishi na kulima kandokando ya njia hizo, tuziache wazi, ili kila Septemba uzi ule wa maji upate wanywaji wake.