Jeraha Lisilosema

Majeraha ya mwili ni ya namna mbili. La kwanza ni jeraha la nje. Hilo halina siri: hutoa damu, huvimba, na humfanya hata adui amwonee mtu huruma. La pili ni jeraha la ndani. Hili hukaa gizani, na mwenye kulichukua huweza kucheka na wenzake mchana kutwa bila ya kuujua mzigo alioubeba. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi maneno hayo yalivyo kweli juu ya tumbo lililopigwa.

Tumbo ni nyumba isiyo na ukuta wa mbele. Ubongo umefungiwa katika fuvu, na moyo umezungukwa na mbavu, lakini sehemu kubwa ya tumbo ina pazia la ngozi na nyama tu. Upande wa kulia, chini ya mbavu, limo ini. Upande wa kushoto limo bandama, ambalo wengine huliita wengu. Bandama la mtu mzima lina uzito wa gramu 150 hivi, nalo ni laini, limejaa damu. Katika nchi zenye malaria huweza kuvimba likatokeza nje ya kivuli cha mbavu, na hapo hupasuka kwa wepesi zaidi. Teke la mpirani, kuanguka kutoka juu ya mwembe, au ncha ya usukani wa baiskeli yatosha kuliumiza.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Pigo huweza kuutoboa ukuta wa ateri, yaani mshipa uchukuao damu kutoka moyoni, pasipo kuimwaga damu nyingi papo hapo. Damu hutoka kidogo, nyama za jirani huizuia, kikafanyika kifuko ubavuni mwa mshipa. Kifuko hicho hakina ukuta wa kweli. Kilichokizunguka ni damu iliyoganda na nyama zilizobanwa. Moyo hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila pigo hukisukuma. Huenda kikajiziba chenyewe, na huenda kikapasuka baada ya siku kadhaa, au majuma, na mara chache hata miezi, wakati mtu amekwisha kulisahau pigo lenyewe. Kikiwa katika ini, damu huweza kumwagika katika mirija ya nyongo, mtu akatapika damu au akapata choo cheusi kama lami.

Nilikuwa kijana nilipoona mfano wa mambo haya kwa macho yangu. Binamu yangu, mwenye umri wa miaka 12, alichukua baiskeli ya baba yake mdogo bila ya ruhusa, akateremka nayo mlima, akaanguka. Ncha ya usukani ilimpiga chini ya mbavu za kushoto. Hakutoka damu hata tone. Aliifuta baiskeli vumbi, akairudisha mahali pake, akamwapiza mdogo wake asiseme neno. Siku mbili alikula kwa shida. Siku ya tatu maumivu yalipungua, na siku ya tano alikuwa uwanjani akicheza mpira. Kila aliyemwona alimwona mzima.

Siku ya tisa, alfajiri, aliinuka kwenda kuchota maji, akaanguka mlangoni. Ngozi yake ilikuwa baridi, imelowa jasho, na midomo ilikuwa imepauka. Alilalamikia bega la kushoto, ambalo halikuwa na alama yoyote. Mama yake alidhani kuwa ni malaria, wala hapakuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa malaria ilikuwa mgeni wa kila mwezi katika nyumba zetu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani la kubebea mboga. Daktari aliuliza kama mtoto alipata kuumia. Mama alijibu hapana, maana hakujua. Ndipo yule mdogo, aliyejificha nyuma ya kanga ya mama yake, akasema huku akilia: "Alianguka na baiskeli ya Baba Mdogo, ila aliniapiza nisiseme."

Daktari alilibonyeza tumbo, akaamuru mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji mara moja. Bandama lilikuwa limepasuka, na damu imejaa tumboni. Liliondolewa, naye akaishi. Baadaye tulielezwa habari ya bega: damu iliyomwagika huchokoza kiwambo kilicho kati ya tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho una asili moja shingoni na ile ya bega. Hivyo tumbo huumia, bega likalia kwa niaba yake.

Tangu hapo elimu ya utabibu imesonga mbele. Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alitangaza njia ya kuingiza mrija mwembamba katika ateri kwa kuupitisha juu ya waya. Mwaka 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ionyeshayo mwili kipande kwa kipande. Mwaka 1979 Hounsfield aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Kwa elimu hizo daktari wa leo aweza kukiona kifuko kabla hakijapasuka, akapitisha mrija kutoka kinenani, akauziba mshipa kwa vizingo vidogo vya waya, na bandama likabaki mahali pake. Kubaki kwake ni faida kubwa, kwa sababu bandama ni askari wa mwili. Aliyelipoteza huhitaji chanjo na tahadhari maisha yake yote.

Lakini mashine haina habari kwamba juma lililopita ulianguka. Habari hiyo unayo wewe. Basi, msomaji, ukipigwa tumboni, mwambie mzazi au mwalimu siku ile ile, hata kama ulipigwa mahali ulipokatazwa kwenda. Ukiambiwa na daktari upumzike majuma kadhaa, pumzika, ijapokuwa huna maumivu. Ukiona kizunguzungu, au tumbo kuvimba, au maumivu yamerudi, au bega linauma pasipo sababu, nenda hospitali bila ya kungoja kuche, nawe useme habari ya pigo kabla hujaulizwa. Aibu ya kusema hupita kabla ya jua kuchwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu ni zaidi ya maji.