Msimu Mmoja wa Mahindi

Ukitoka Kitale ukashika barabara ya kwenda kwetu Kwanza, Mlima Elgon unakaa kushoto kwako, na milima ya Cherangani kulia, mbali kidogo. Katikati ni mahindi. Miaka ya themanini, nilipokuwa mtoto huko, yalikuwa mahindi mpaka macho yachoke, na barabara yenyewe ilikuwa ya udongo mwekundu, vumbi Januari na tope Mei. Ukizidi kwenda kaskazini, ardhi inaanza kuteremka, hewa inapata joto, mashamba yanapungua, mwishowe unajikuta Kanyarkwat, nchi ya Wapokot na mbuzi wao. Hapo kwetu ndipo nchi ya jembe ilipokaribia kwisha.

Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha mpaka huo kwa kijiti, uwanjani. Alichora mlima, kisha akachora Sabwani na Koitobos zikienda kuungana na Nzoia hadi Ziwa Victoria. Halafu akauzungusha mto Suam, unaotoka mlima uleule, akaupeleka kaskazini ukawa Turkwel, ukaenda kuishia Ziwa Turkana. Tuliinama tukiangalia mistari ile miwili ikipeana mgongo. Mvua ya mlima mmoja ilikuwa inalisha maziwa mawili, na sisi tulikaa karibu na pale maji yanapoachana.

Wengi wetu tulikuwa wa kuja. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na kwa miaka mingi wilaya yetu ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba makubwa ya Wazungu. Baada ya uhuru mashamba hayo yaliuzwa, mengine yakagawanywa na serikali, mengine yakanunuliwa na watu waliochanga pesa pamoja na kuandikiwa hisa. Baba alitoka Kimilili, akauza ng'ombe wake, akanunua hisa. Kipande kilichomwangukia kilikuwa kona ya shamba la Mzungu, na pamoja nacho alirithi mstari wa mikaratusi na birika la zege lililopasuka, ambalo mama alilifanya kitalu cha sukuma wiki. Mwenye duka alikuwa Mkikuyu. Upande wa juu walikaa Wanandi, upande wa chini Wateso. Ng'ambo ya kijito aliishi bibi mmoja Msabaoti, ambaye sote tulimwita kogo, na ambaye watu wake walikuwa hapo kabla ya Mzungu, kabla ya hisa na kabla yetu. Mtoto wa Kwanza alijifunza mapema kuitikia kwa lugha ya aliyemsalimu. Ukiambiwa mulembe, unajibu mulembe. Ukiambiwa chamgei, unajibu chamgei mising. Mengine yote yalikwenda kwa Kiswahili, juu ya ua.

Hata mahindi yetu yalikuwa na mzazi mgeni. Watafiti wa Kitale walianza kazi ya kuboresha mbegu katikati ya miaka ya hamsini, wakati Kampuni ya Mbegu ya Kenya nayo ilipoanzishwa mjini humo, mwaka wa 1956. Walichukua mahindi yaliyokwisha kuzoea baridi ya Kitale wakayapandanisha na mahindi ya milima ya Ecuador, huko Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1964 wakatoa mbegu chotara iitwayo 611. Utotoni mwangu tulipanda wajukuu wake, 614 na 625. Baba, ambaye hakuwa na habari na Ecuador, alizitaja namba hizo kwa heshima ile aliyowapa wajomba zake.

Mbegu hizo zina sifa moja iliyotutawala maisha: hazina haraka. Kwetu juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, zinakaa shambani zaidi ya miezi sita. Mvua nayo ilikuwa ya msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi hadi karibu Novemba. Shangazi yangu aliolewa Murang'a, na huko walivuna mara mbili. Sisi tulivuna mara moja. Ukikosea mwezi wa nne, umekosea mwaka.

Kwa hiyo kupanda kulifanywa kwa adabu. Ng'ombe wanne walivuta plau, mtu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mjomba alitupa mbolea ya kupandia, dada akaifunika kwa udongo kidogo kwa mguu ili isiunguze mbegu, nami nikafuata na mkebe nikidondosha mbili, hatua, mbili, hatua. Vidole vyangu vilibaki na rangi ya dawa ya mbegu, na mama hakuniruhusu kugusa chakula mpaka nisugue kwa majivu. Asiyekuwa na ng'ombe alilimiwa na jirani, akalipa kwa siku za palizi. Hakukuwa na karatasi.

Karatasi ilikuwa dukani. Mkikuyu wetu alikuwa na daftari la kurasa ngumu lililofungwa kwa kamba ya gunia. Kila boma lilikuwa na ukurasa wake: sukari nusu, sabuni mche mmoja, mafuta ya taa chupa moja. Kuanzia Mei ukurasa ulijaa, Julai ulivuka upande wa pili. Watu wanaosikia kwamba Trans Nzoia ni ghala la taifa hawaelewi kwamba Juni na Julai tulilala njaa hapa na pale, tukizungukwa na mahindi marefu kuliko baba zetu ambayo hayajakomaa. Tulikula mboga za mrenda na saka, na mama aliazima unga kwa gorogoro. Mwenye duka hakuwahi kumuuliza baba atalipa lini. Kila mtu alijua ni lini.

Agosti shibe ilirudi. Mahindi mabichi yalichomwa, yakachemshwa, yakabebwa mifukoni hadi shule. Kama mwaka ulikuwa wa kugawanyika kwa mbili, mwezi huo ulikuwa pia wa jando kwa Wabukusu, na usiku tulisikia njuga za vijana wanaokwenda kualika jamaa, wakipita njia nyembamba katikati ya mashamba, sauti inasikika lakini watu hawaonekani.

Oktoba tulikata mabua na mahindi yake, tukayasimamisha kwa mafungu yakiegemeana vichwa, yakauke kwa upepo. Baadaye tulimenya, tukajaza magunzi na punje zake ndani ya gunia, na wanaume wakalipiga kwa fimbo mpaka punje zikaachana na magunzi. Magunzi matupu yalikwenda jikoni kuwa kuni. Punje zilitandazwa juani kwenye turubai, na hapo ndipo kulipokuja jaribio la chumvi.

Baba alilifanya yeye mwenyewe. Alichukua chupa ya soda iliyokaushwa vizuri, akatia mahindi hadi theluthi, akaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, akaziba kwa gumba na kutikisa kwa muda. Kisha aliiacha itulie, akaiinua kwenye mwanga. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini na kioo kubaki safi, yamekauka. Tulisimama nyuma yake kimya, kwa sababu chupa hiyo ndiyo iliyoamua kama karo italipwa kabla ya Krismasi au baada yake. Mahindi yenye unyevu yalikataliwa ghalani kwa mnunuzi bila mjadala, na mwenye gari alidai nauli ya kwenda na ya kurudi. Kiwango kilikuwa asilimia 13 na nusu. Mnunuzi alikuwa na mashine ya kupimia. Baba alikuwa na chumvi, na sikumbuki zikitofautiana sana.

Mwaka wa 1984 ndio ulionifundisha kiburi. Mvua ilikataa sehemu kubwa ya Kenya, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Kwetu mvua ilikuja kidogo, mahindi yakawa mafupi, lakini yalikuwa meupe. Mjomba aliyefanya kazi Nairobi alikuja na mfuko wa unga wa manjano atuonyeshe. Mama akausonga. Tukauzunguka ugali ule tukiukodolea macho kama mgeni aliyevaa nguo za ajabu, tukaonja, tukacheka. Mjomba hakucheka. Aliporudi Nairobi alibebeshwa madebe mawili ya mahindi yetu, akayafungasha katikati ya nguo, maana siku hizo kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulidhibitiwa kwa vibali, na vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi. Nilimwona mama akilisindikiza kwa macho gari alilopanda. Alikuwa amepata ushahidi kwamba kazi yake inahitajika Nairobi.

Kogo alitupa kiburi cha namna nyingine. Yeye hakuthamini mahindi sana; alithamini maziwa na mlima. Asubuhi za Januari, Elgon ulipokuwa wazi kabla mawingu hayajapanda, alitunyooshea kidole kuonyesha mapango ambamo babu zake waliishi na ng'ombe wao. Alisema ndovu huingia mapangoni usiku kwenda kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Tulidhani ni ngano za bibi, mpaka nilipokua nikaenda Kitum, ndani ya Mbuga ya Mlima Elgon, nikashika ukuta wenye mikwaruzo ya pembe kwa mikono yangu. Kogo pia ndiye aliyewakataza watoto kuwarushia mawe korongo wenye taji, waliokuja wawiliwawili kuokota punje baada ya mavuno. Leo ndege hao wanapungua kwa sababu mabwawa wanamotaga yamelimwa. Bwawa la Saiwa, upande wa barabara ya Kapenguria, lilihifadhiwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi kwenye majimaji, na ndilo mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini. Mabonde mengi ya kwetu hayakupata bahati hiyo. Tuliyalima sisi, na mavuno ya mwaka wa kwanza yalitufurahisha.

Mwishoni mwa 1991 vita vya kikabila vilifika Trans Nzoia. Sitaki kuvirefusha. Tulikimbilia Kitale usiku, mahindi yakiwa yamesimama kwa mafungu shambani, na mwenye duka aliondoka na familia yake na lile daftari. Tuliporudi, sehemu ya mahindi ilikuwa imeibwa, na sehemu ilikuwa kwa kogo, imepukuchuliwa na kutiwa magunia, na wanawe wakatuletea kwa gari la ng'ombe bila kusema mengi. Nani aliiba sijui mpaka leo. Pengine tulikuwa tunasalimiana naye sokoni. Baba aliuza magunia machache, akapanda matatu kwenda Kitale, akamtafuta Mkikuyu mahali alipopanga chumba, wakakaa na daftari wakafuta ukurasa wetu. Hakurudi tena Kwanza yule mzee. Ila kwa miaka mingi mama alimpelekea mahindi mabichi kila Agosti.

Nimeishi mjini muda mrefu sasa, na nikisikia watu wanasifu Kwanza, wanasifu udongo. Udongo ni mzuri kweli. Lakini huko Bungoma kuna udongo mzuri pia. Mimi nikitafuta kilichotufanya watu wa mahali pamoja, narudi kwenye urefu wa msimu: miezi minane ya kusubiri kitu kimoja, bila mtu yeyote kuweza kuimaliza peke yake. Ilibidi uwe na jirani mwenye plau, mwenye duka mwenye subira, na bibi ng'ambo ya kijito wa kukuwekea magunia. Kila mmoja wao alikuwa na lugha yake.

Mambo yamebadilika. Ekari za baba zimegawanywa kwa wanawe, na sehemu nyingine sasa ni nyumba. Viwavi vamizi viliingia nchini mwaka wa 2017, vikaanzia pande hizi za magharibi, na tangu hapo dawa ni gharama juu ya mbolea. Ndugu yangu mdogo amechoka kusubiri Desemba. Amepanda parachichi na anafuga ng'ombe wa maziwa, anapokea pesa kwenye simu kila mwezi. Mama anamsifu mbele za watu. Hata hivyo kila Machi humtumia mtu amletee mfuko wa mbegu, na ndugu yangu akilalamika, humjibu, "Parachichi utauza, baba. Mgeni akifika usiku, utamsongea nini?"