Sinema ya Mtu Aliyeona Asijue Ameona Nini

Mwanzoni mwa mwaka 2021, jioni moja ya mvua pale Masisi, tulikaa watu tisa mbele ya kompyuta ndogo kutazama sinema ya Kiitaliano. Jenereta ilinguruma nje, na mara mbili ilizimika. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja, katekista wa siku nyingi, aliyedhani ataona vichekesho kama vile vya Matamata na Pilipili, ambavyo Padri Van Haelst alivitengeneza huko Kasai zamani za Wabelgiji. Alikuwamo pia mama mmoja aliyekimbia kutoka Walikale. Basi sinema yenyewe haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Jina lake ni Profondo rosso, maana yake nyekundu iliyokoza. Wafaransa waliipa jina lao, Les Frissons de l'angoisse, na nakala tuliyoipata ilisema Kifaransa.

Aliyeitengeneza ni Dario Argento, mtu wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1940. Sinema ilitoka mwaka 1975. Hadithi za namna hii Waitaliano huziita giallo, yaani manjano, kwa sababu tangu mwaka 1929 vitabu vya upelelezi vya Mondadori vilikuwa na majalada ya rangi hiyo. Huwa pana muuaji asiyejulikana, na pana mtu anayemtafuta. Katika sinema huongezwa vitisho vingi na damu nyingi.

Hadithi ni hii. Marc, Mwingereza mpiga piano, yuko uwanjani usiku pamoja na rafiki yake mlevi. Asikia ukelele. Ainua macho, na dirishani amwona mwanamke akipigwa, kioo kikivunjika. Mwanamke huyo, Helga, alisema kwamba aweza kusoma mawazo ya watu, na mbele ya mkutano mkubwa alikuwa ametambua kwamba kati ya wasikilizaji yumo aliyekwisha kuua. Marc apanda ngazi mbio, apita katika ukumbi mwembamba wenye picha nyingi za nyuso ukutani, amkuta mwanamke amekwisha kufa. Polisi waja, wauliza maswali yao. Baadaye Marc aanza kusumbuka: nilipoingia niliona picha moja, na sasa haipo. Nani ameiondoa, na kwa nini?

Twawaomba radhi wale ambao hawajaiona, maana bila kusema jambo hili hatuwezi kusema lolote la maana. Haikuwa picha. Kilikuwa kioo, na ndani yake mlikuwa uso wa muuaji mwenyewe, ambaye alikuwa angali mle nyumbani. (Uso wa nani, hatusemi.) Na ajabu ni kwamba Argento hakutudanganya. Uso ule auonyesha kweli, kwa kitambo kifupi sana, wakati Marc anapopita mbio. Tulipofika mwisho tulirudisha nyuma tukatazama tena. Ulikuwapo! Watu tisa, macho kumi na manane, na hata mmoja hakuuona.

Hii ndiyo nguvu kubwa ya sinema hii, wala sisi hatujui nyingine iliyofanya hivyo kwa ustadi kama huu. Mchezaji yuleyule, David Hemmings, alikuwa ameigiza mwaka 1966 katika Blow-Up ya Antonioni, ambamo mpiga picha apiga picha ya mauaji bila kujua. Argento alijua alichokuwa akikitafuta alipomwita.

Sasa yule mama wa Walikale. Wasomaji wa kwetu wakumbuka yaliyotendeka Luvungi na vijiji jirani, vyote 13, mwishoni mwa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, ambapo Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliotendewa jeuri ya kunajisiwa. Wakumbuka pia kwamba Ntabo Ntaberi Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi huko Goma Novemba 2020, baada ya kesi ya miaka miwili, na mashahidi walisikilizwa. Mama huyu hakuwamo katika kesi hiyo. Lakini kwa jambo jingine aliwahi kuhojiwa, mahali ambapo hatutapataja. Siku ya kwanza alisema mtu yule alivaa kofia nyeusi. Siku ya pili, akiwa ametulia, alikumbuka kwamba kilikuwa kitambaa kimefungwa kichwani. Karani akaweka kalamu chini, akamwambia, “Mama, unasema uongo.”

Alipoona kioo kile akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Huyu Mzungu naye alisema picha, kumbe kioo. Angekuwa mbele ya karani wangu angefukuzwa.”

Tangu hapo hatukuweza tena kuitazama sinema hii kama mchezo wa kutisha tu. Marc si mwongo. Aliona vema, akataja vibaya. Mtu aliyetetemeka huwa hivyo, na ni watu wangapi huku kwetu wameitwa waongo kwa kosa la namna hiyo?

Mambo mengine mazuri yamo. Muziki wa vijana walioitwa Goblin wakaa masikioni siku nyingi, na wimbo wa kitoto unaotangulia mauaji watisha kuliko kisu. Ile nyumba kubwa ya kutisha ni Villa Scott ya Torino, na siku hizo ilikuwa shule ya wasichana ya masista. Wenye sinema waliwalipia masista na wasichana wao mapumziko ya pwani huko Rimini ili wapate nafasi. Katekista wetu alicheka sana aliposikia habari hiyo.

Lakini yafaa tuseme na ubaya wake. Sinema ni ndefu, yapita saa mbili, na katikati yachosha. Kipawa cha Helga chasahauliwa mara anapokufa, kana kwamba hakikuwa na kazi ila kumleta dirishani. Na kubwa zaidi: mauaji yenyewe. Mmoja auawa kwa maji ya moto, mwingine agongwa meno kwenye pembe za mbao na mawe, na kamera yasogea, yangoja, haina haraka. Mikono iliyovaa glovu nyeusi ni ya Argento mwenyewe. Pengine ndiyo sababu jicho la kamera husimama upande wa muuaji. Helga apata maziko mafupi. Yule wa maji ya moto hata hayo hatuonyeshwi. Mama aliuliza, “Ndugu zake wako wapi? Kilio kilikaliwa wapi?” Hatukuwa na jibu.

Tena sababu ya uovu wote ni ugonjwa wa akili wa mtu mmoja. Akifa, mambo yamekwisha. Hatumlaumu Argento kwa kutoijua Ntoto, lakini sisi twaijua. Mauaji yaliyoanza katika soko lile la Walikale tarehe 20 Machi 1993, yakafika Masisi, hayakufanywa na mgonjwa mmoja. Watu walijuana kwa majina, wala hakuna aliyehitaji glovu.

Vijana walituomba tuionyeshe tena Jumapili. Tulikataa kwa watoto. Kwa watu wazima tulikubali, na kidole kiwe tayari kurukisha lile la maji ya moto.

Yule mama alikuwa ameondoka kabla ya mwisho, kwa sababu ya mvua. Kesho yake tulikutana naye njiani. Hakuuliza nani aliua. Aliuliza kama polisi walimwamini yule Mzungu. Tulimwambia: kidogo tu, na kwa mzaha.