Mbwa Wenu Mnawafungua Saa Ngapi?

Anayekuja kwangu Rau kuchukua paka hutarajia nimuulize kama anapenda wanyama. Mimi humuuliza mbwa wao wanafunguliwa saa ngapi usiku, sakafu ya sebuleni ni ya saruji au ya marumaru, mchana nani hubaki nyumbani, na Desemba hufika wageni wangapi. Wengine huondoka wamenuna, wakiona nawabania paka mlemavu ambaye hata hivyo hakuna anayemgombea. Huruma wanayo watu wengi hapa Moshi, nami naiheshimu. Ila paka asiyeona anahitaji nyumba ambayo meza haihamishwi kila Jumamosi, na nyumba hizo ni adimu.

Nilisomea afya ya mifugo Tengeru, na kinachonilisha mpaka leo ni ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani huku mlimani, Kibosho, Uru na Old Moshi. Paka nilikutana nao humo humo bandani. Mfugaji akishampulizia ng'ombe dawa ya kupe, kinachosalia kwenye bomba humpulizia paka ili kuua viroboto. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ng'ombe huzistahimili lakini ini la paka halina uwezo wa kuziondoa mwilini. Ndani ya saa chache mnyama anatetemeka mwili mzima. Panadol nayo ni vivyo hivyo: nusu kidonge, anachopewa kwa nia njema kabisa, kinaweza kumuua. Nikawa nasema haya kila banda ninaloingia, na watu wakaanza kuniletea paka wa kila namna, kwenye boksi la sabuni, kwenye kiroba, kwenye tenga la kuku.

Wengi wao ni vipofu, na upofu wenyewe ulikuwa wa kuzuilika. Mtoto wa paka hupata mafua, macho yanavimba na kugandamana kwa usaha, na kwa kuwa mama yake anamlamba, watu husubiri apone mwenyewe. Mafua hayo huacha kovu kwenye kioo cha jicho, na mara nyingine jicho lenyewe hupasuka. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale yale yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya watoto, yakianza mapema huokoa macho mengi. Upofu mwingine hutoka jikoni. Mbwa hujitengenezea taurini mwilini. Paka haimtoshi anayotengeneza, lazima aipate kwenye nyama au samaki. Akilishwa ugali mtupu mwezi baada ya mwezi, sehemu ya nyuma ya jicho hufa taratibu, na moyo nao hudhoofika. Jicho likishafikia hapo halirudi. Dagaa, mioyo ya kuku, vichwa vya samaki: vyote vimejaa sokoni Mbuyuni, na ndiyo maana upofu wa namna hii huniumiza kuliko mwingine wowote.

Kipofu akishapona maumivu si mgonjwa tena. Anakisoma chumba kwa sharubu na masikio. Nikimfikisha nyumba mpya, naomba afunguliwe chumba kimoja tu kwanza: beseni la maranda ya seremala la haja zake kona hii, chakula kona ile, na hakuna kinachosogezwa. Akishazunguka humo bila kugonga kitu, anaongezewa chumba cha pili.

Nyumba bora za vipofu nimezipata juu, vihambani, kwa akina mama wazee ambao watoto wao wako Dar es Salaam. Kiti kipo pale kilipokuwa tangu mzee wa nyumba akiwa hai. Nilimpeleka dume mmoja kwa mama mstaafu, upande wa Uru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu? Panya wa stoo atanikamatia?"

"Anaweza, mama. Kwa masikio hapitwi na kitu. Ila darini hatapanda."

"Wa darini nitatafuta mwingine. Huyu akae na mimi."

Akasogeza kigoda karibu na jiko ili paka apate joto, halafu akakirudisha kilipokuwa, kwa sababu nilikuwa nimeshamweleza. Hapo nikajua tumefika. Kabla ya kushuka nilipita kwa jirani yake, maana siku mama akilazwa KCMC lazima awepo mtu anayejua beseni liko wapi. Kwa wazee sitoi paka mpaka nimpate huyo wa pili.

Wapo pia paka wanaoyumba. Paka mwenye mimba akishikwa na virusi vya panliukopenia, ubongo wa nyuma wa watoto tumboni haukui sawasawa, nao huzaliwa wakitembea kama waliotoka kwenye mbege. Hali hiyo haiumi, haiambukizi, wala haizidi kadiri anavyokua. Anaweza kuishi miaka yote ya paka wa kawaida. Lakini watu wakimwona anapepesuka husema amerogwa, na akiwa mweusi hata kuniletea hawaniletei, wanamtupa mtoni. Sibishani na imani ya mtu mlangoni kwake. Namweleza ugonjwa, na akiendelea kuogopa simwachii mnyama. Kwa jirani zangu Waislamu kazi ni nyepesi zaidi, maana tangu madrasa wamesikia habari za Abu Huraira na paka wake, na za yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Paka wa namna hii marumaru humshinda. Nyumba nzuri ya kisasa, inayong'aa, kwake ni mateso kutwa. Mkeka, bakuli zito, kibaraza kisicho na ukingo wa kuanguka: hayo yanamtosha.

Kuna jambo ambalo wenye nyumba hawalipendi nikilisema. Mwenye paka ni dada wa kazi. Baba na mama wanaondoka alfajiri, watoto wako shule, na anayebaki na kiumbe huyu asiyeona au asiyesimama ni binti ambaye hakuulizwa. Akiwa hamtaki, paka atashinda nje, na nje kwa kipofu ni boda boda na mbwa wa jirani. Kwa hiyo naomba kuzungumza naye peke yake. "Mdogo wangu, uko tayari kusafisha maranda kila asubuhi?" Akinijibu "hapana" namshukuru kwa dhati na kurudi na paka wangu. Akikubali, huwa hodari kupita mabosi wake.

Mji wetu umejaa vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, na ndio wepesi kupita wote kumpenda paka wa miguu mitatu. Nawashukuru kwa dawa wanazolipia. Paka siwapi, kama viza yao ni ya miezi mitatu. Kumwingiza paka Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania kunataka chipu, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kipimo cha damu kisichochukuliwa kabla ya siku 30 tangu chanjo, kisha miezi 3 mingine ya kusubiri tangu siku ya kipimo. Hesabu inawakataa hata wakianza siku waliyotua KIA. Na paka aliyekwisha kuachwa mara moja, kuachwa tena kunamvunja, anaacha kula.

Hakuna anayetoka kwangu bila chanjo hiyo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka hupewa kuanzia umri wa miezi mitatu, wala bila kuhasiwa. Upasuaji anaufanya daktari wa mifugo, mimi ni wa kumshikia mnyama na kumlaza. Daktari huyo huyo ndiye ninayemwita kwa wale waliovunjika mgongo, wanaohitaji kukamuliwa kibofu mara mbili au tatu kwa siku, maisha yao yote. Mmoja mmoja hupata mtu wa kumfanyia hivyo. Mtu huyo asipopatikana na vidonda vikaanza, tunamlaza paka bila maumivu, nami namshika mpaka mwisho. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ila sheria haiwezi kumtafutia paka nyumba.

Desemba sitoi paka yeyote. Ukoo mzima unarudi mlimani, magari yanalala uani, vitanda vinahamishwa, milango iko wazi usiku kucha, na dada wa kazi naye amekwenda kwao. Kwa sasa ninaye jike mweupe, macho ya bluu, kiziwi tangu kuzaliwa kama walivyo wengi wa rangi hizo mbili. Honi haisikii, mbwa hamsikii. Anataka ukuta au uzio usio na tundu, mbwa wanaofungwa, na mtu wa kumwamsha kwa kugusa sakafu karibu naye, si kumshika ghafla. Atakayemtaka aje Januari, wageni wakisharudi Dar, na aje pamoja na yule atakayebaki naye mchana.