Jinsi Shahada Ilivyopoteza Mwajiri Wake

Katika familia za Lualaba, miaka ya sabini na ya themanini, kijana aliyemaliza chuo kikuu aliulizwa amepangiwa wapi: Kolwezi, Likasi, Kipushi, au labda ofisi fulani ya serikali. Leo huulizwa faili lake ameliacha kwenye kampuni gani, na safari hii ni mara ya ngapi. Kati ya maswali hayo mawili kuna historia nzima ya mkoa wetu. Naitazama kutoka Sandoa kwa sababu moja: ukiwa Kolwezi, mgodi uko mbele ya macho yako na unaziba mengine yote. Sandoa haina shaba. Ni nchi ya Walunda, nchi ya mihogo na ya mto Lulua, katikati ya Kapanga na Dilolo. Kilichotoka Sandoa kwenda mijini tangu zamani za ukoloni ni watu, hasa waliosoma. Wamisionari Wamethodisti na Wakatoliki walifungua shule upande huu, na shule hizo zikawa njia ya kutokea. Mwanasiasa Moïse Tshombe, aliyezaliwa mwaka 1919 Musumba, kwenye makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, hapo jirani Kapanga, ni zao la elimu ya Wamethodisti. Nchi isiyo na mgodi huiona shahada kwa macho makavu zaidi: mtoto asipopata kazi, hakuna shimo la karibu la kumpokea.

Maelezo tunayoyasikia kila siku ni kwamba shahada imeshuka thamani, kwamba waliosoma ni wengi mno, kwamba vijana wamechagua masomo yasiyo na faida. Mimi nashikilia jambo jingine. Kilichobadilika zaidi ya vyote ni mwajiri. Yule aliyekuwa na haja ya kila aina ya msomi aliondoka, na waliokuja baada yake wanahitaji shaba ileile lakini hawahitaji watu walewale.

Tuanze na idadi, kwa kuwa ndiyo hoja inayotajwa kwanza. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 raia wake wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 20. Kizazi kilichofuata kilikuta viti vitupu kila mahali, na aliyepita chuo kikuu cha Lovanium au kile cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, alikuwa bwana mkubwa kabla hata wino wa diploma haujakauka. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA. Mwaka 1981 vikatengana tena, na Lubumbashi ikabaki na chake. Baadaye Kolwezi nayo ikapata chuo kikuu, na taasisi za juu zikaongezeka, nyingine za serikali, nyingine za watu binafsi, baadhi zikiwa na bango zuri kuliko maktaba. Sikatai kwamba wahitimu wameongezeka kuliko nafasi, wala sikatai kwamba mtu anaweza kusoma kemia miaka mitano na kugusa vyombo vya maabara mara chache tu. Lakini hoja ya wingi ingetosha kama waliokaa bure wangekuwa wa sheria na fasihi peke yao. Wahandisi wa migodi nao wako barazani. Na hapa tunazungumza juu ya mkoa ambao shaba yake haijapungua.

Mwajiri aliyeondoka ni Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi. Ukitaka kuielewa, usihesabu tani tu. Hesabu na vyeo. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliamua kuelekea mwisho wa miaka ya ishirini kwamba mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto badala ya kuletwa kwa mkataba mfupi na kurudishwa kwao. Uamuzi huo ulizaa nyumba, posho ya unga, zahanati, shule, vituo vya akina mama, viwanja vya mpira. Mali ya Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967, kampuni ya taifa, ambayo baadaye ilijulikana kama Gécamines, ilirithi mwili wote huo. Kwa hiyo mchimba shaba huyo aliajiri daktari, mkunga, mwalimu wa Kifaransa, mhasibu, mfanyakazi wa jamii, mwanasheria na mhandisi wa maji. Kuanzia mwaka 1984 alikuwa na tawi zima, Gécamines-Développement, lililoshughulika na kilimo na ufugaji, na humo bwana shamba aliyetoka chuoni alikuwa na meza yake. Mwaka 1986 kampuni ilitoa takribani tani 476,000 za shaba ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Kati ya watu hao, si haba waliokuwa hawajawahi kuingia shimoni.

Mtu aweza kujibu kwamba hiyo ilikuwa ndoto ya kulipwa kwa deni. Kampuni iliyolisha mji mzima huku Kinshasa ikichota fedha zake isingeweza kudumu, na wataalamu wa Benki ya Dunia walisema mgodi si wizara ya elimu. Nakubali. Nakubali pia kwamba mfumo ule ulikuwa wa baba na watoto, na baba alikuwa mkali: aliamua nani aishi kambi gani na mtoto wa nani asome wapi. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Lakini tuangalie walivyoachwa. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukaikumba nchi mwaka 1991, na kufikia 1993 Gécamines ilikuwa inatoa karibu tani 50,000 tu. Mishahara ikakatika miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 walilipwa waondoke, mpango ulioitwa wa hiari. Mzigo uliosemekana kuwa si wa mgodi ulitupwa njiani, haukukabidhiwa mtu. Vyeo vya mwalimu, muuguzi na bwana shamba havikuhamia serikalini wala kwa mkoa. Vilifutika, na pamoja navyo ikafutika sababu iliyomfanya mzazi wa Sandoa auze ng'ombe ili mtoto asome ualimu.

Kisha shaba ikarudi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa mitaji ya nje, na leo majina anayoyajua kila mtu Kolwezi ni KCC, Mutanda, Sicomines, COMMUS, Kamoa-Kakula. Mwaka 2023 nchi nzima ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba. Mwaka 2024 Kamoa-Kakula peke yake ilipita tani 430,000, yaani mradi mmoja, ulioanza uzalishaji mwaka 2021, ulikaribia Gécamines yote ya mwaka 1986. Haukulazimika kubeba mji mgongoni ili kufika hapo. Chakula cha kambi, ulinzi, usafiri, usafi, hata uendeshaji wa magari makubwa, hupewa wakandarasi. Mwaka 2021 shirika la Kiingereza RAID na wenzao wa CAJJ walioko Kolwezi walichunguza migodi mitano mikubwa, wakakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi. Sheria ya mwaka 2017 inataka ukandarasi huo uwe mikononi mwa kampuni za Wakongo, na lengo lake ni jema. Lakini mkataba wa miezi mitatu unabaki miezi mitatu, awe mwenye kampuni ni mwenyeji au mgeni. Mkandarasi wa muda mfupi hana sababu ya kumlea mhitimu asiye na uzoefu, kwa kuwa matunda ya malezi hayo yatachumwa na mwingine. Ndiyo maana tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu au mitano kwa cheo kinachoitwa cha kuanzia, na siku hizi Kiingereza juu yake, mahali pengine Kichina.

Faili lenyewe linastahili kutazamwa. Ndani yake mna barua ya maombi, maelezo ya elimu na kazi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha daktari kwamba mwili unafaa, kadi ya ONEM, ile ofisi ya taifa ya ajira, na nakala za diploma zenye muhuri. Mara nyingi diploma yenyewe haijatoka, maana huchukua miaka, hivyo mtu hutembea na hati ya kuthibitisha kwamba amefaulu. Kila karatasi ina dirisha lake na kila dirisha lina bei yake. Vyeti vingine huisha muda kabla faili halijasomwa, na safari ya madirishani huanza upya. Anayetoka Sandoa ana gharama nyingine kabla ya hizo zote: barabara, ambayo masika huweza kugeuza safari ya siku moja kuwa ya wiki, na chumba cha kupanga Kolwezi, mji ambao kodi zake zimefuata mishahara ya migodi. Kwa hiyo wengi huanza kitu kingine wakati wa kungoja: pikipiki ya abiria, meza ya kuuza salio la simu, au kwenye vibanda vya kununua madini huko Musompo, ambako kijana aliyesoma hesabu za juu hushika mashine inayoitwa Metorex, akaielekeza kwenye gunia na kusoma asilimia ya kobalti. Kazi hiyo inahitaji akili, na anayeifanya hutumia alichojifunza. Ila hakuna anayeihesabu kuwa ajira, yeye mwenyewe wa kwanza.

Wengine watasema tatizo ni undugu: kazi wanapewa wenye mjomba ndani. Upo, na unaumiza. Lakini undugu huamua nani aingie. Hauamui milango iwe mingapi. Wakati nafasi zilipokuwa nyingi undugu ulikuwepo vilevile, ila asiye na mjomba naye alipata pa kukaa. Hoja nyingine, nzito na ya hatari zaidi, ni ile ya wageni: kwamba wao ndio wanaochukua kazi. Ilikuwepo tangu chama cha Conakat kilipoundwa mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya watu wa Kasai kushinda chaguzi za manispaa za Elisabethville, na katika Katanga, ambayo mkoa wetu ulikuwa sehemu yake, ililipuka mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, familia zikilala kwenye vituo vya treni zikingoja mabehewa, wengi wakifa njiani. Waliofukuzwa waliacha vyeo, nyumba na viti vya ofisi. Ni kweli kuna wenyeji waliovikalia. Lakini rudi uitazame ile takwimu ya 1993: tani 50,000. Waliorithi viti walivirithi katika nyumba inayoporomoka, na baada ya miaka kumi nao waliitwa kuchukua fedha za kuondokea. Anayenung'unika leo kuhusu Wachina au wana wa mikoa mingine angetazama kwanza jaribio hilo, kwa kuwa lilifanyika hapahapa na matokeo yake yanajulikana.

Ushauri unaotolewa kwa wepesi kuliko wote ni kwamba msomi ashike jembe. Sandoa ina ardhi, na Kolwezi ina njaa ya unga. Sehemu kubwa ya mahindi ya ukanda wa shaba hutoka Zambia, na Zambia ikifunga mpaka bei hupanda kwa siku chache. Kwenye karatasi, bwana shamba wa Sandoa ana soko la hakika. Kwenye barabara hana. Reli ya Dilolo kwenda Tenke inapita Kasaji, kusini, haigusi Sandoa, na gunia linalotoka ndani hulipia lori, matope na vizuizi hadi linakuta unga wa Zambia umeshauzwa. Sisemi kilimo hakifai. Nasema kilihitaji mwajiri wa namna ya Gécamines-Développement, mwenye lori, ghala na uwezo wa kungoja msimu mbaya upite. Kumwambia mhitimu mmoja afanye peke yake kazi iliyofanywa na tawi la kampuni ni kumkabidhi lawama tu.

Inabaki serikali. Hapa Sandoa inaonyesha kitu ambacho Kolwezi hukificha: kazi zipo. Shule hazina walimu wa kutosha, zahanati hazina wauguzi wa kutosha, na wapo wenye shahada ambao tayari wanafanya kazi hizo, ila majina yao hayamo katika orodha ya mishahara. Zamani walipewa kidogo kutoka michango ya wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, mchango ukaondoka na mshahara wa wengi wao haukuja. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 maeneo yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 hufika Fungurume au Dilala. Sandoa hutegemea 25 ya mkoa, na inapofika huwa imekuwa jengo: darasa jipya, bati jipya, kibao cha uzinduzi. Watetezi wa majengo husema bei ya shaba huanguka, kama mwaka 2015 KCC iliposimamisha uzalishaji, na mshahara ukishaanza hausimami. Ni kweli, lakini darasa lisilo na mwalimu hugharimu vilevile bei ikiwa juu au chini, na mkataba wa miaka mitatu kwa walimu wa sayansi wa wilaya moja si deni la kumtisha gavana wa mkoa wa shaba. Katiba ya mwaka 2006 inaweka shule za msingi na za sekondari katika mamlaka ya mikoa. Orodha ya mishahara ya walimu bado inatunzwa Kinshasa.