Jina Lisilokuwamo Daftarini

Katika kijiji chetu, wilaya ya Kasulu, kulikuwa na maneno yaliyomwudhi babu yangu tangu utoto wake. Watu walisema kwamba marehemu baba yake hakuwa askari wa Keya hata kidogo, bali alikwenda kukata mkonge tu, akarudi na majivuno. Maneno hayo yaliaminika upesi, maana siku za Waingereza Waha wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na mtu akikosekana nyumbani miaka mitatu alidhaniwa yuko huko.

Mwaka jana, wakati wa likizo, babu aliniita akasema, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Nitafutie ukweli kabla sijafa."

Nilianzia kwa dada yake, aliyeolewa Kibondo. Bibi huyo alinifungulia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita, imeandikwa neno Burma, lakini haina jina la mtu. Tena mlikuwa na cheti kilicholiwa na mchwa, kikabaki namba 36 tu. Niliporudi shuleni, Mwalimu wetu wa Historia alinisaidia kuandika barua kuulizia daftari za pensheni za askari wa zamani. Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi: jina halimo.

Niliona haya kumpelekea babu habari ile. Lakini Mwalimu alinieleza jambo nisilolijua. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, si kila askari Mwafrika aliyepewa pensheni. Pensheni ilikuwa ya wachache, hasa waliolemazwa na vita. Aliyerudi mzima alipewa kiinua mgongo mara moja tu, kwa hesabu ya cheo chake na miezi aliyotumika, tena kidogo kuliko alichopewa Mzungu. Kisha akaenda zake. Kwa hiyo aliyerudi na macho yake mawili na miguu yake miwili, tusitazamie kumwona katika daftari lile.

Ndipo tulipoitazama tena namba 36. Kikosi cha 36 cha K.A.R. kilikuwa cha Tanganyika. Kilikwenda Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua, matope na malaria, hata ikafika mto Chindwin na kuuvuka mwezi wa Desemba.

Nilipomsomea babu hayo, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa akiwapanga watoto uani, kila mmoja na mpini wa jembe, akiwaamrisha kwa Kiingereza. Akasimama, akatwaa mpini, na pamoja na uzee wake akauweka begani sawasawa kabisa. "Haya hayafundishwi shambani kwa mkonge," akasema.

Nikakumbuka habari ya Mwanza. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Yasimuliwa kwamba wengi wao hawakuwa na vyeti. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani, kana kwamba ameshika bunduki. Hakukosea hata mmoja.

Sikumletea babu karatasi yenye jina, na namba 36 peke yake haitoshi kumshinda mbishi. Hata hivyo, babu ameitundika nyota ile ukutani, mahali ambapo kila mgeni huiona.

Wenzangu, mkilikosa jina la mzee wenu katika daftari, msiseme upesi kwamba alidanganya. Ulizeni kwanza daftari lile liliandikwa kwa ajili ya nani. Kisha waulizeni wazee walio hai, nanyi andikeni majibu yao kwa wino, myahifadhi mbali na mchwa.