Barua kutoka Ufaransa: Ngome ya Coucy

Magofu ya ngome ya Coucy yako katika mji mdogo wa Coucy-le-Château, mkoa wa Aisne, kaskazini mwa Ufaransa, katikati ya Laon na Soissons. Mji na ngome vimekaa juu ya ncha ya kilima inayotazama bonde la mto Ailette. Pande tatu mteremko ni mkali, na ni upande mmoja tu ambao kilima kimeungana na uwanda. Atakaye kuulinda mji wa namna hii ana upande mmoja wa kuhangaikia, na ndiyo sababu watu wa vita walipapenda tangu zamani. Kwa karibu miaka 700 palisimama hapa mnara wa ngome mkubwa kuliko mingine yote barani Ulaya. Vita, baruti na tetemeko la ardhi viliujaribu, nao ukabaki wima. Ulikuja kuangushwa mwezi Machi 1917 kwa amri ya makusudi, na jeshi ambalo tayari lilikuwa linaondoka.

Ngome ya kwanza ilijengwa karibu mwaka 920 na Hervé, Askofu Mkuu wa Reims, aliyetaka kuzilinda ardhi za kanisa. Mwishoni mwa karne ya 11 ilikuwa imeshikwa na ukoo wa Enguerrand wa Kwanza, nao ndio uliolipa jina la Coucy sifa yake, njema na mbaya. Mwanawe, Thomas wa Marle, aliogopwa kwa ukatili na uporaji hata Mfalme Louis wa Sita akamfuata kwa jeshi. Thomas alijeruhiwa, akafa mwaka 1130. Ukoo haukuvunjika kwa kifo chake. Mabwana wa Coucy waliendelea kupata ardhi kwa ndoa na kwa upanga, na zaidi ya mmoja wao alifia katika Vita vya Msalaba.

Magofu yanayoonekana leo ni kazi ya Enguerrand wa Tatu, aliyerithi mwaka 1191 na kufariki miaka hamsini hivi baadaye. Alipigana upande wa mfalme wa Ufaransa katika vita vya Bouvines mwaka 1214. Kisha, Louis wa Tisa alipotawazwa akiwa bado mtoto mwaka 1226, alijiunga na makabaila walioona huo ndio wakati wa kuupunguza ufalme nguvu. Ni katika miaka hiyo hiyo, ya 1220 na 1230, ndipo alipojenga. Wazao wake walikuja kujivunia kaulimbiu iliyosema kwamba mwenye nyumba hii si mfalme wala mwana wa mfalme, ila ni bwana wa Coucy, na hilo linamtosha. Jengo lenyewe lilikuwa limeshalisema jambo hilo kwa mawe. Wakati ule minara ya kasri la mfalme mwenyewe, Louvre ya Paris, ilikuwa midogo kuliko mnara wa kabaila huyu.

Ngome ilikuwa na uwanja wa chini, mpana, wa mazizi, maghala na kanisa, kisha ngome ya juu yenye pande nne zisizolingana. Katika kila pembe ya ngome ya juu palikuwa na mnara wa mviringo, ambao kwingineko ungetosha kabisa kuitwa mnara mkuu. Mnara mkuu wenyewe ulisimama upande uliotazama uwanja wa chini, ndani ya handaki lake na nyuma ya ukuta wake mzito. Urefu wake ulikuwa mita 54 hivi, na kipenyo chake mita 31. Kuta zake chini zilizidi mita 7 kwa unene. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulifikiwa kwa daraja la kuinua. Juu ya mlango huo palichongwa shujaa akipambana na simba, na wenyeji walisimulia kwamba ni Enguerrand mwenyewe, aliyemuua mnyama mkali aliyekuwa akiwasumbua watu wa msituni.

Namna mafundi walivyoupandisha mnara ule inajulikana kwa sababu waliacha alama ukutani. Kwa nje, mawe yalikuwa na matundu yaliyopangwa mawili mawili, yakipanda kidogo kidogo huku yakiuzunguka mnara kutoka chini hadi juu. Waashi walichomeka boriti katika matundu hayo, wakatandika mbao juu yake, wakapata njia ya mteremko mwepesi ya kupandishia mawe na chokaa. Kadiri mnara ulivyorefuka ndivyo njia nayo ilivyozidi kuzunguka. Hawakuhitaji kusimamisha msitu wa miti kuanzia ardhini, maana ukuta wenyewe uliwabeba. Ndani ya kuta walilaza magogo yaliyoungana kuzunguka mnara mzima ili kuyafunga mawe yasitanuke wakati chokaa inakauka. Baada ya karne kadhaa magogo yalioza na kuacha mashimo matupu ndani ya ukuta, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha zamani.

Ndani, mnara ulikuwa na ghorofa tatu, na humo ndimo mtindo wa Kigothi ulimoonekana waziwazi. Kila ghorofa iligawanywa pande 12, na kila upande ulichimbiwa sehemu ndani ya ukuta, ikafunikwa kwa tao lililochongoka. Dari haikuwa ya boriti na mbao. Mbavu 12 za mawe zilipanda kutoka ukutani na kukutana katikati kwenye tundu la duara, na kupitia tundu hilo silaha na chakula vilivutwa kwa kamba kwenda juu. Chini palikuwa na kisima, hivyo waliozingirwa hawakupungukiwa maji. Ghorofa ya juu ilikuwa ukumbi uliozungukwa na roshani, na mtaalamu wa majengo Eugène Viollet-le-Duc alikadiria kwamba watu 1,200 hadi 1,500 wangeweza kukusanyika humo kumsikiliza bwana wao. Juu kabisa, kwenye ukingo wa nje wa mnara, vilitokeza vishikizo vya mawe. Wakati wa vita vilibebeshwa kibanda cha mbao kilichozunguka mnara wote, na askari waliokuwa humo waliweza kumwangushia mawe adui aliyefika mguuni pa ukuta. Mafundi wa makanisa makuu walikuwa wakitumia mbavu na matao hayo hayo ili kuta ziwe nyembamba na madirisha yawe makubwa. Pale Coucy utaalamu ule ule ulifunika ukumbi mpana nyuma ya ukuta usiopitisha kitu. Ni vigumu kupata mfano bora wa ujenzi wa Kigothi uliofanywa kwa ajili ya vita.

Nguvu ya nyumba hiyo ilipata mpaka wake haraka. Enguerrand wa Nne, mwana wa mjenzi, aliwanyonga vijana watatu wa Flanders waliokutwa na pinde katika msitu wake. Walikuwa wanafunzi waliokaa kwenye nyumba ya watawa jirani, wamekuja kujifunza Kifaransa. Mwaka 1259 Louis wa Tisa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mpenda haki, alimkamata. Kabaila aliomba shauri liamuliwe kwa mapigano, kama desturi ilivyomruhusu mtu wa cheo chake. Mfalme alikataa, akamtoza faini kubwa na kumwamuru agharimie ibada za kuwaombea marehemu. Hukumu hiyo inakumbukwa katika historia ya sheria ya Ufaransa, kwani ilionyesha kwamba kuta za mita 7 hazimkingi mtu na mahakama ya mfalme.

Bwana wa mwisho wa ukoo ndiye aliyekuwa na maisha ya ajabu kuliko wote. Enguerrand wa Saba, aliyezaliwa mwaka 1340, alipelekwa Uingereza mwaka 1360 kama dhamana ya fidia ya Mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa. Huko alimwoa Isabella, binti wa Mfalme Edward wa Tatu, mwaka 1365. Nchi ya mkwewe na nchi yake zilikuwa katika Vita vya Miaka Mia, naye kwa miaka kadhaa alijitahidi asinyanyue silaha dhidi ya upande wowote. Edward alipofariki mwaka 1377 alirudisha vyeo vyake vya Uingereza, akamtumikia mfalme wa Ufaransa peke yake. Nyumbani Coucy alijenga upya kumbi kubwa, zikapambwa kwa sanamu za mashujaa tisa wa kiume na mashujaa wa kike, na madirisha yake yalikuwa mapana kuliko yale ya babu zake. Ngome ilikuwa inageuka kuwa makazi. Mwaka 1396 alikwenda vitani Nikopoli dhidi ya Sultani Bayezid wa Kwanza wa Waosmani, akatekwa, na mwaka uliofuata akafia kifungoni Bursa. Hakuacha mtoto wa kiume. Mwaka 1400 binti yake Marie aliiuza Coucy kwa Louis, mtawala wa Orléans, na mzao wa Louis alipokuwa Mfalme Louis wa 12 mwaka 1498, ngome ikawa mali ya ufalme.

Iliendelea kutunzwa, na Jacques Androuet du Cerceau aliichora katika kitabu chake cha majengo bora ya Ufaransa mwaka 1576. Kilichoivunja ni siasa. Katika uasi wa Fronde ngome ilishikwa na wapinzani wa Kadinali Mazarin, aliyekuwa akiiongoza serikali ya mfalme, naye mwaka 1652 akaamuru iharibiwe isije ikawa kimbilio tena. Baruti iliwashwa ndani ya mnara mkuu. Dari zote tatu zilirushwa nje kupitia juu, lakini ukuta haukusogea. Tetemeko la mwaka 1692 liliuchana kuanzia juu hadi chini, na bado ukasimama. Baada ya hapo watu wa mji walichukua mawe ya kumbi kujengea nyumba zao, kama inavyotokea kwa kila gofu lisilo na mlinzi. Katika karne ya 19 serikali ilichukua jukumu. Viollet-le-Duc, aliyeipenda Coucy na kuiandikia kurasa nyingi, aliufunga mnara kwa mikanda ya chuma na kuuwekea paa, na mwaka 1862 ngome ikaorodheshwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Septemba 1914 jeshi la Ujerumani liliuteka mji. Maofisa wake walitembea katika magofu kama watalii, na Kaisari Wilhelm wa Pili mwenyewe alifika kuyaona. Mwanzoni mwa 1917 jeshi hilo liliamua kurudi nyuma hadi mstari mpya wa ulinzi, na katika eneo lote lililoachwa likabomoa madaraja, visima, bustani za matunda na vijiji. Coucy ikaingizwa kwenye orodha. Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria na mmoja wa makamanda, aliomba ngome iachwe kwa sababu haikuwa na faida ya kivita. Jenerali Ludendorff alikataa. Tani 28 za vilipuzi ziliwekwa ndani ya mnara mkuu na nyingine katika minara ya pembeni. Hakuna sababu ya kijeshi inayoeleza kitendo hicho kikamilifu. Mnara usio na dari, wa enzi za pinde na mishale, haukuweza kulizuia jeshi lenye mizinga ya karne ya 20, na kauli ya Rupprecht inaonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana kabla fataki haijawashwa.

Wiki chache baadaye, katika mlima wa Chemin des Dames ulio kusini-mashariki mwa Coucy, Wafaransa walianza shambulio lao kubwa la Aprili 1917, na maelfu ya askari wa Afrika Magharibi waliuawa au kujeruhiwa humo. Oktoba mwaka huo huo, katika mapigano ya ngome ya La Malmaison kwenye mlima huo, walikuwapo pia askari wa kikosi cha Wasomali, vijana kutoka pwani ambayo leo ni Jibuti. Ardhi hii ina sehemu ya historia ya Afrika pia, ingawa vitabu vya watalii huitaja mara chache.

Baada ya vita Ufaransa iliyahifadhi magofu yalivyo, yawe ushahidi wa uharibifu ule. Kuta zilizosalia ziliimarishwa, na mji uliobomolewa pamoja na ngome ukajengwa upya. Leo mgeni huingia kupitia uwanja wa chini, akaona mashina ya minara ya pembeni, vipande vya ukuta wa kumbi, vyumba vya chini ya ardhi, na ukuta mzito uliouzunguka mnara mkuu. Mahali pa mnara wenyewe pana lundo la vifusi. Katika mnara mmoja wa Lango la Soissons kuna makumbusho yenye mfano mdogo wa ngome ilivyokuwa kabla ya 1917, na majira ya joto wakazi wa mji huigiza usiku, ndani ya magofu, historia ya mabwana wa Coucy.